Kola isikie koo, isisikie jogoo

Usiilipie hiyo kola ya kuzuia mbwa kubweka. Kama pesa bado imo kwenye simu, iwache hapo hapo ilipo, usome kwanza.

Hiyo picha uliyoiweka kwenye swali lako naijua. Kola nyeusi, kidirisha cha namba nyekundu, vijiti viwili vya chuma kwa ndani, ukanda wenye mstari unaong'aa usiku. Ninayo kama hiyo, imo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na kila nikilitazama kopo lile tumbo linanisokota. Umesema unakaa Chukwani, hapa hapa Unguja, una dume la miezi minane, nusu mbwa wa Kijerumani nusu koko, anabweka usiku kucha, jirani keshakwenda kwa sheha mara mbili, na yuko kijana wa Dar anakuuzia hii kwa elfu sabini, inakuja na boti ya kesho asubuhi. Ukauliza bora ya shoti au ya kutetema, inastahamili mvua au haistahamili, moja inatosha mbwa wawili, na mengine ambayo nitarudi kuyasoma nikishamaliza hili linalonikereketa.

Linalonikereketa ni kwamba kola ya mbwa isikie koo, isisikie hewa. Nitaandika mengi hapa, mimi nikianza sinyamazi (ningevishwa mimi hiyo kola), lakini hata ukiyasahau yote, hilo lishike.

Sote tukitaka kununua tunauliza itamfanya nini mbwa. Itampiga shoti? Itamtetemesha? Itampulizia marashi? Hakuna anayeuliza inajuaje kuwa mbwa kabweka, na hapo ndipo nilipoliwa mimi. Ndani ya vidude hivi mna sikio. Sikio la rahisi ni maiki, kama ile ya simu yako, inayosikiliza hewa. Sauti ikiwa kubwa na ikafananafanana na mbweko, kola inapiga. Haina habari ya nani kapiga kelele. Sikio la pili halina shughuli na hewa, limegusa ngozi ya shingo linangoja koo litikisike. Mbwa wa jirani abweke mpaka apasuke, maadam koo la mbwa wako limetulia, na kola imetulia. Zipo pia zenye yote mawili, hazipigi mpaka koo litikisike na sauti isikike kwa pamoja, na hizo ndizo nzuri zaidi, ila bei yake si ya elfu sabini. Hiyo ya kwenye picha yako ni ya maiki. Nimeivuta picha kwa vidole mpaka nikakiona kijitundu chake, pale ubavuni, karibu na pa kuchajia.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Nina kishamba Tunguu, kuku wa kienyeji sitini na ushei, na mwembe mmoja mkubwa ambao mchana ni wa kunguru na usiku ni wa komba. Mbwa nilimpata kwa wasasi wa huko kusini, wale wanaoingia msituni na mbwa kuwinda nguruwe, akiwa bado mdogo wa kubebwa kwenye kikapu. Nilimtaka kwa sababu ya ngawa, maana mwaka ule ngawa alikuwa anakula kuku wangu kama aliyelipia kabla. Nikampa jina Watasema, kwa kuwa nilijua watasema, na kweli wakasema. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo si kosa, kila mtu kalisoma hilo kwenye chuo cha Kurani, lakini wakimwona njiani wanapandisha kanzu kama wanaovuka mto.

Akawa anabweka. Ngawa alimbwekea, sawa, ndiyo kazi yake. Komba alimbwekea, na komba wa Tunguu akilia usiku utadhani mtoto mchanga kasahauliwa juu ya mti, basi hapo ni saa nzima. Alfajiri, kipaza sauti cha msikiti kikianza, naye ananyoosha shingo na kutoa mlio mrefu, hatua kwa hatua mpaka mwisho. Mzee mmoja wa pale jirani, mtu mpole sana, akanisimamisha siku moja akaniambia, "Mwanangu, wenzangu wanalalamika adhana hawaisikii vizuri." Hakuongeza neno. Bora angenitukana.

Ndipo nikampata kijana wangu, kama wewe ulivyompata wako, na sitashangaa akiwa yule yule. Duka lake, alisema, liko Dar. Akanitumia video ya mbwa mweupe mnene kavishwa kola, anafungua kinywa, anafunga, ananyamaza, muziki unapigwa. Nikamuuliza, huku kwangu kuna kelele nyingi, kuna kuku, kuna mbwa wa wenzangu, haitakosea? Jibu lake ninalo mpaka leo, sikulifuta: "Braza, hii ina akili, inamjua mbwa wako peke yake." Inamjua! Kwani walionana wapi? Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huuziwa hata kivuli. Nikatuma elfu sitini na tano na nauli ya boti.

Akanipa na maelekezo, la kwanza lilikuwa nikaze mpaka kidole kisipite, eti vijiti vishike vizuri. La pili, nisiivue, mbwa aizoee. Yote mawili nikayafuata kama dawa ya hospitali.

Kola ile ina daraja saba. Inaanza kwa mlio, halafu mtetemo, halafu shoti, na ikisikia tena kabla nusu dakika haijapita inapanda daraja moja. Ikinyamaziwa, inashuka. Kwenye karatasi ni jambo zuri, mbwa mkaidi anaongezewa, msikivu anapunguziwa.

Lakini banda la Watasema nililijenga ubavuni mwa banda la kuku, makusudi, ili ngawa akija ampitie yeye kwanza. Majogoo wangu wawili walikuwa wanalala kwenye ufito upande ule ule, na kati ya kichwa cha mbwa na kifua cha jogoo palikuwa na ubao mmoja, dhiraa moja haifiki. Jogoo huanza saa tisa za usiku. Wala hawiki mara moja akarudi kulala. Anawika huyu, anajibu yule, anadakia wa shamba la pili, na hivyo hivyo mpaka kweupe. Piga hesabu mwenyewe za nusu dakika nusu dakika.

Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Nikalala fofofo, nikaamka nikamtumia yule kijana ujumbe wa kumshukuru. Na mikono ya dua nikamwekea! Naona haya mpaka leo.

Siku ya nne nimekaa barazani na kahawa yangu. Jogoo mwekundu akapanda juu ya kinu kibovu. Unajua jogoo kabla ya kuwika hujipiga mbawa kwanza, pa-pa-pa. Basi mbawa zilipogonga tu, Watasema akajikunja pale chini, masikio yamelala, macho kayafumba, kama mtoto wa chuoni anayengoja bakora. Jogoo akawika. Mbwa akaruka miguu yote minne hewani, akaanguka, hakutoa hata mkwaruzo wa sauti. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikamwita mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka kumi na mbili, huja kuniokotea mayai. Nikamwambia, "Mtazame, kawa na adabu mpaka anamuogopa jogoo."

Jambo lilikuwa mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na kikombe mkononi. Mnyama ananionyesha kwa mwili mzima kuwa anajua maumivu yanatoka wapi. Kwa hesabu zake hayakutoka kwenye kola, wala kwenye kubweka, maana alikuwa habweki. Yalitoka kwa jogoo. Ukijiweka mahali pake hesabu ile haina kosa hata moja.

Siku zilizofuata akaanza kulala nyuma ya choo, mbali na banda. Chakula anaonja anawacha. Nikasema ni joto.

Siku ya tisa asubuhi mpwa wangu kaingia bandani na ndoo ya pumba. Mlango kauwacha wazi kama kila siku, maana mbwa huyu alikua na kuku, vifaranga walikuwa wanamparamia mgongoni. Jogoo akapiga mbawa. Watasema hakungoja awike. Nilipofika, jogoo mwekundu alikuwa keshakwisha, na kuku wengine wanaruka ukutani, wanapiga kelele, na kila wakipiga kelele kola inapiga, na kila ikipiga mbwa anamkamata aliye karibu. Mtoto, kwa ushujaa wa kijinga wa umri ule, akamkamata mbwa kwa nyuma, kwenye kola yenyewe, akawa anapiga makelele, "Wata! Wata! Wacha!" Na kola ikasikia sauti ya mtoto, kubwa, karibu, ya ghafla, ikampiga mbwa. Mbwa akageuka na meno yakaingia mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Mtoto akapiga ukelele zaidi. Kola ikapiga tena.

Hapo nasimama kidogo.

Niliikata ile kola kwa kisu cha nazi. Na nilipoikata tu, wallahi, mbwa akalala chini akajinyea, hakumgusa mtu tena.

Dada yangu ana akili kuliko mimi, hilo linajulikana kwetu. Alimsukumia mtoto chini ya mfereji, sabuni na maji yanayokwenda, robo saa nzima kwa saa ya ukutani, mtoto analia yeye anaosha. Kule hospitali wakamwambia hilo ndilo jambo la kwanza na kubwa kwa mtu aliyeumwa na mbwa, wengi hukimbilia kufunga kitambaa tu. Kisha mfululizo wa sindano za kichaa, unarudi na unarudi. Mbwa chanjo yake ilikuwa imepita muda, uvivu wangu mwenyewe, nikaambiwa nimfunge nimwangalie siku kumi. Usiku wa siku zile kumi sikuwa nalala, namulika tochi kutazama kama anakunywa maji. Msidhani kichaa cha mbwa ni cha bara peke yake. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima mpaka ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi mwishoni mwa 2016, wakaanza tena kuchanja mpaka 2018 ndipo wakautoa mara ya pili. Na Pemba imezungukwa na bahari pande zote. Kwa hivyo wewe kwanza tazama kadi ya mbwa wako, mambo ya kola baadaye.

Kuku kumi na mmoja na jogoo wao. Na usiniambie angalau mlikula pilau, maana kuku aliyeuliwa na mbwa ni mzoga, hata mchuzi hatukuambulia, tulichimba shimo. Shati la mtoto lilifuliwa mara saba, moja kwa udongo, dada yangu anafua ananitazama mimi, hatazami shati. Mwezi mzima hakunisalimia. Sikukuu ilipita akaniletea biskuti kwa mkono wa jirani.

Lakini jioni ya siku ile ile ndipo nilipofahamu. Nimekaa kwenye ukingo wa tangi, naiosha kola damu, nataka nimrudishie yule kijana nidai changu. Imelala kiganjani, vijiti vimegusa ngozi iliyorowa. Jogoo aliyebaki, yule mweusi, kapanda juu ya ufito kujitayarisha kulala, akawika moja ya kuagia jua. Kola ikalia pii. Nikaitazama. Akawika tena. Ikatetema. Mpaka hapo mimi bado naitazama kama mtu anayetazama televisheni. Akawika ya tatu, na nikaambiwa na mpwa wangu kuwa nilichokisema muda ule hakifai kurudiwa mbele ya watu. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Na ile haikuwa daraja ya saba, ilikuwa ya kwanza ya shoti.

Siku tisa. Kila alfajiri, masaa matatu. Na mbwa hakubweka!

Nikampigia yule kijana. Akapokea, akasikiliza, kisha akaniambia tatizo langu ni jogoo. Eti niuze majogoo. Nimefuga mbwa alinde kuku, niuze kuku ili mbwa avae kola! Nikamwambia nitakuja Dar, akasema karibu, akanifungia simu, na mpaka leo picha yake ya wasifu siioni. Si yeye tu. Kuna jamaa kwenye magrupu ya wafugaji, wanajijua, ukiuliza kitu wanakujibu "kaza tu kola mkuu, mbwa ni mbwa." Ukiangalia vizuri, mbwa hawana. Mmoja alikuwa na sungura.

Kukaza nako kuna hadithi yake, nitaisema mbio mbio. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo akamnyoa manyoya ya shingo. Matundu mawili, kila moja kama punje ya mhindi, pembezoni meusi, ndani usaha. Nikasema umeme umemuunguza. Daktari akatikisa kichwa, akasema umeme mdogo huu hauunguzi hivi. Ni chuma kimegandamiza ngozi mahali pamoja usiku na mchana, damu haikupita, nyama ikafa, sawasawa na mgonjwa asiyegeuzwa kitandani. Kile kijitabu cha ndani ya boksi kiliyasema hayo: isizidi saa kumi na mbili kwa siku, na kila saa moja au mbili isogezwe kidogo, na kati ya kijiti na shingo kidole kipite. Kijitabu nilikuwa nimekifungia misumari.

Basi nikirudi kwako. Namna ya kujua kola inasikia koo au hewa, usimuulize muuzaji, maana ataapa. Ndani ya boksi za kola nyingi za shoti mna kitaa kidogo cha plastiki cha kupimia. Kiguse kwenye vijiti viwili, kitawaka kola ikipiga. Kiweke, halafu piga makofi karibu. Fungua simu, cheza sauti ya mbwa anabweka, sauti juu kabisa. Kama inalia, inatetema au taa inawaka, hiyo ni ya kusikia hewa, irudishe kwenye boksi. Ya koo itakaa kimya kwa yote hayo, lakini ukikwaruza kwa ukucha pale kwenye kifuniko cha kihisio, katikati ya vijiti, itashituka. Ila hata hiyo ya koo ina ujinga wake, mbwa akijikuna au ukimtia na mnyororo shingoni vikagongana, inaweza kudhani kabweka. Kwa hivyo shingo moja kola moja, mnyororo usiwepo.

Shoti au mtetemo? Mtetemo, na usinibishie. Shemeji yangu yuko Cardiff, nilipomsimulia akashituka, akaniambia kwao Wales kumvika mbwa au paka kola ya shoti ni kosa la jinai tangu 2010. Ya kutetema na ya kupuliza marashi hazimo katika katazo hilo. Akaniletea moja ya kutetema, ya kusikia koo, kwa mkono wa mtu. Niliitumia saa mbili mbili, baada ya isha, miezi ile komba wanapohamia mwembeni kwa ajili ya maembe. Hakunyamaza kama maji ya mtungi, sikwambii uongo, lakini alikuwa anabweka mara mbili tatu, anasikia shingo inatetema, anasimama kufikiri. Na hakumchukia yeyote.

Ya marashi ni mafuta ya majani ndugu wa mchaichai, yanapulizwa puani. Mbwa wengi hawaipendi harufu ile. Nyingi zinasikia kwa maiki, hapo tu mimi nimeshatoka, na kopo la kujazia likimalizika utalitafuta Darajani mpaka Mwanakwerekwe. Halafu upepo wa kusi, wewe mtu wa Chukwani, unaujua. Utampulizia jirani, akupeleke kwa sheha mara ya tatu.

Mvua, ndiyo, nyingi zinastahamili, mpaka kuzamishwa kidogo. Kwa maji ya chumvi sisemi, ya kwangu vijiti vilianza kutu kwa hewa tu, na Tunguu si pwani kama ulipo wewe.

Na kabla ya yote, usiku wa leo, toka nje ukae dakika ishirini gizani umtazame anabwekea nini. Mimi sikufanya hivyo mpaka nilipokwisha umia. Nilipofanya nikaona nusu ya mbweko ni kwa sababu anaona njia ya watu kupitia uwazi wa ua na mnyororo haumfikishi. Nikaziba kwa makuti, kazi ya asubuhi moja, nikamvua mnyororo usiku akawa anazunguka ndani ya ua. Nikakata tawi la mwembe lililokuwa juu ya banda. Banda lake nikalihamisha upande wa pili kabisa na kuku, ilichukua miezi minne kabla hajaweza kupita karibu na jogoo bila kutetemeka. Na kabla ya adhana ya alfajiri namwingiza stoo na mfupa, namfungia mpaka kipaza sauti kimalize. Maana yake na mimi siku hizi nimo katika safu ya kwanza, yule mzee anadhani nimeokoka na dunia. Sijamwambia.

Umeuliza na jambo la mbwa wawili, nimekwenda juu kusoma tena, sikufahamu unataka wavae kwa zamu au vipi. Lakini kwa ya maiki, mmoja akibweka atapigwa aliyevaa, hata kama aliyevaa amelala. Ushapata jibu.

Kama umeshalipa, basi ikifika usimvishe. Ije Tunguu Jumamosi, na kitaa chake, na wewe mwenyewe. Nina jogoo mweusi yule yule, mzee sasa lakini koo anayo. Fika kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kola uishike wewe.